Spageti na ndizi mtaa wa Deira

Mnaoniuliza kila siku kama nakula vizuri, leo nawajibu, ila jibu lenyewe litapitia kwa Sultani wa Zanzibar, kwa hivyo vuteni mkeka.

Sisi wa Malindi Waitaliano tunawajua. Walianza kurusha vyombo vya angani pale Ngomeni miaka ya sitini: San Marco 2 iliondoka 1967, na setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Uhuru ikarushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri yetu. Hoteli zikafuata, aiskrimu zikafuata, na vijana wa ufuoni sasa wanaongea Kiitaliano kama wamezaliwa Roma. Lakini hiyo spageti ya watalii ni ya juzi. Kuna spageti kongwe zaidi kwenye pwani yetu, na hiyo ndiyo ninayokula Deira.

Nina rafiki hapa, nesi mwenzangu, mzaliwa wa Barawa, ule mji wa pwani ulio kusini ya Mogadishu. Tukitoka zamu ya usiku tunapanda metro hadi Baniyas Square, tunaingia mgahawa mmoja wa Wasomali. Sinia linakuja: spageti, juu yake mchuzi mzito wa nyama na nyanya unaonukia bizari, iliki na mdalasini, pembeni pilipili ya kijani, na ndizi mbivu nzima. Ndizi! Unaikata vipande unaila pamoja na chakula. Kwetu tambi ni za sukari na tui la nazi, za Ramadhani na Idi, kwa hivyo mara ya kwanza nilimtazama tu anavyotafuna. Yeye alikuwa amefumba macho. Akasema, "Dada, hiki ndicho chakula cha mama."

Tambi wanaziita baasto (Kisomali hakina herufi p), mchuzi ni suugo, hata uma wa kulia ni fargeeto. Yote ni Kiitaliano. Kilifikaje huko?

Karne ya 19 Malindi na Barawa zote zilikuwa chini ya Sultani mmoja, wa Zanzibar. Wazungu walipokuja kugawana, mwambao wa kwetu, ukanda wa maili 10, ulikodishwa kwa Waingereza mwaka 1895, na ulibaki ni mali ya Sultani kwa karatasi mpaka uhuru wa 1963. Bandari za Banadiri, yaani Barawa, Marka, Mogadishu na Warsheikh, zilikodishwa kwa Italia kwa mkataba wa 1892. Halafu mwaka 1905 Italia ikazinunua kabisa, kwa pauni 144,000. Sisi tulikodishwa, wao wakauzwa! Nilipomweleza hesabu hiyo rafiki yangu alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza kama watu wa Barawa waliulizwa. Nadhani mnalijua jibu.

Na ile ndizi? Waitaliano walifungua mashamba makubwa kando ya mito Shabelle na Juba, na mwaka 1935 serikali yao ikaunda shirika la kuhodhi biashara ya ndizi. Waliolazimishwa kulima walikuwa zaidi watu weusi wa mabondeni, na wengi wao ni wajukuu wa watumwa waliopelekwa huko karne ya 19 kutoka bara letu hili, wakiwemo Wazigua wa upande wa Handeni na Tanga. Mpaka leo wako watu bonde la Juba wanaozungumza Kizigua. Vita vilipozuka wengine walikimbilia Tanzania, nchi ya mababu zao, na baadhi wakapewa makazi Chogo, Handeni. Hapo mimi niliishusha ile ndizi kwenye sinia nikaitazama upya.

Rafiki yangu yeye alikimbia kwa jahazi. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, Barawa ikaporwa na kila kundi lililopita, na watu wake wengi wakavuka bahari hadi Mombasa. Alikuwa mtoto, akakulia kambini Mombasa, ndiyo maana Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Lakini lugha ya nyumbani kwao ni Chimiini, ndugu ya Kiswahili chetu, inayosema "chi" pale sisi tunaposema "ki". Siku hizi inasemwa London na Atlanta pengine kuliko Barawa kwenyewe. Binti yake wa miaka minane, aliyezaliwa hapa Dubai, anaisikia na kuielewa, lakini hujibu kwa Kiingereza. Juzi mama yake alimkatalia sinia mpaka aiombe ndizi kwa Chimiini. Mtoto akanuna, akaniangalia mimi nimwokoe, mimi nikajifanya nasoma simu. Mwishowe akaiomba kwa sauti ndogo, na ile "chi" ikatoka safi.

Mama, bei yenyewe ni dirhamu 25, na sinia tunashiba wawili. Nakula vizuri.