Ada ya Mgonjwa: Kutoka Urambo hadi Igunga

Misafara iliyotoka pwani ikapita Ugogo hadi Tabora, na kutoka hapo ikaelekea Ujiji, ilibeba nguo na shanga; ilibeba pia ndui na homa. Mpagazi aliyeugua alimlipa mganga kwa kitambaa au kuku, ama aliachwa njiani. Malipo ya tiba, basi, hayakuletwa Unyamwezi na serikali wala misioni.

Mwaka 1879 Dk. Ebenezer Southon wa London Missionary Society alifika Urambo kwa Mtemi Mirambo, akahudumia wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1882. Kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Wamoraviani mwaka 1898, nao baadaye wakawa na hospitali Sikonge. Hospitali za makanisa, za Walutheri zikiwamo, zilitoza ada ndogo kwa miaka mingi, kwa kuwa dawa zilinunuliwa na wauguzi walihitaji mshahara. Wapo waumini waliosikitika, wakitaja agizo la Bwana katika Mathayo 10:8. Wengine walijibu kwa Luka 10: Msamaria aliacha dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni. Ni kweli, tiba ile ililipiwa. Lakini aliyelipa hakuwa majeruhi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hospitali za serikali zilitibu bure. Kufikia miaka ya 1980 neno hilo lilikuwa limepungua uzito: mgonjwa alionwa bure, kisha akapewa cheti akanunue dawa dukani. Mwaka 1993 serikali ilianza uchangiaji katika hospitali zake kubwa. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma walisamehewa. Maskini naye alisamehewa, ila ilimpasa athibitishwe. Hapo ndipo palipouma. Mama mjane aliyeamka na mgonjwa usiku angempata wapi mtendaji wa kijiji amwandikie barua? Na wangapi waliona haya kuitwa maskini mbele ya majirani?

Mkoa wa Tabora ndio uliojaribu njia nyingine kwanza. Katikati ya miaka ya 1990 Wilaya ya Igunga ilianzisha Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kama hicho. Mkulima wa pamba hupata fedha baada ya mavuno, ilhali malaria huzidi wakati wa mvua, ghala likiwa limepungua. Kutoa wakati wa mavuno si sawa na kudaiwa mtoto akitetemeka mgongoni. Hata hivyo, asiyekuwa na 5,000 alibaki nje ya mfuko, akilipa kila aendapo zahanati.

Sheria ya mwaka 2001 iliupeleka mfuko huo nchi nzima. Mwaka 2018 uliboreshwa, na kaya ya watu 6 ikatakiwa kutoa shilingi 30,000.