Matone ya mtoto na goti la bibi (Sehemu ya 3)



Wengi wenu mnaijua nystatin, yale matone tunayowapa watoto wenye utando mweupe mdomoni. Utando ule ni fangasi aitwaye kandida. Sasa fangasi huyo huyo, mara chache sana, huingia kwenye goti lililofanyiwa upasuaji. (Msianze kumtenga mtoto na bibi yake jamani, haambukizwi hivyo!)

Miaka ya 1940 penisilini ilipoenea, watu walishangilia. Lakini penisilini huua bakteria, fangasi haimgusi. Tena bakteria wakipungua mwilini, yeye ndo anapata nafasi.

Marekani, wanawake wawili wakaanza kutafuta dawa yake. Elizabeth Hazen alipima udongo maabara, jijini New York. Rachel Brown, mkemia, alikuwa mji wa Albany, mbali kabisa, basi wakawa wanatumiana sampuli kwa posta! Udongo uliowapa jibu ulitoka shambani kwa marafiki wa Hazen, Virginia. Mwaka 1950 wakatangaza dawa, wakaipa jina la jimbo lao, New York State. Iliingiza zaidi ya dola milioni 13, nao hawakujichukulia, zikaenda kwenye utafiti.

Ila nystatin ukiimeza haiingii kwenye damu, hivyo gotini haifiki. Baadaye miaka hiyo ya 1950 ikaja amphotericin B. Hiyo inafika, lakini inaumiza figo. Fluconazole, iliyo nafuu kwa mwili, ilisubiriwa kama miaka thelathini zaidi.

Wakati huo upasuaji wa kuweka goti bandia nao ulikuwa unaenea. Kandida hung'ang'ania chuma na plastiki, akajijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Ndiyo maana mara nyingi goti hilo hutolewa, mgonjwa anatumia dawa kwa miezi, kisha anawekewa jingine.

Kati ya maambukizi ya viungo bandia, ya fangasi ni kama asilimia 1 tu. Uchache huo ndio unaotuponza. Goti linavimba polepole, pengine hata homa hakuna. Mgonjwa anapewa antibayotiki, halafu nyingine, miezi inakatika.

Kwa hiyo kama bibi alifanyiwa upasuaji wa goti na linazidi kuvimba, usimkimbilizie antibayotiki za dukani. Mrudishe kwa daktari, uulize: maji ya goti yamevutwa na kuoteshwa maabara? Fangasi ameangaliwa pia? Huyu huchukua siku nyingi kuota, kwa hiyo ukiambiwa mapema kwamba hakuna kitu, uliza tena baada ya wiki mbili.