Iosepa: Kijiji cha Wahawaii katika Jangwa la Utah (1889–1917)

Miongoni mwa vijiji vidogo vilivyozuka na kutoweka katika eneo la milima la magharibi ya Marekani, Iosepa hutajwa kwa nadra. Na kinapotajwa, husemwa kwamba kilishindwa na jangwa. Maelezo hayo hayalingani na mfuatano wa matukio.

Wakazi wake walikuwa Wahawaii waliopokea dini ya Wamormoni visiwani kwao, kisha wakahamia Salt Lake City, penye makao makuu ya Kanisa hilo. Mjini walibaguliwa. Hata sheria iliwakataa: mwaka 1889 Mahakama Kuu ya Utah, ambayo ilikuwa bado haijawa jimbo kamili, iliamua kwamba mzaliwa wa Hawaii hawezi kupewa uraia, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliwaruhusu wageni weupe na wale wa asili ya Kiafrika peke yao. Mwaka huohuo Kanisa lilipata shamba la mifugo katika Skull Valley, kusini-magharibi ya mji, na mnamo tarehe 28 Agosti watu wapatao 50 walianza makazi mapya huko.

Jina la kijiji lilitokana na Joseph F. Smith, aliyefika Hawaii mwaka 1854 kuhubiri, akiwa kijana wa miaka 15. Kihawaii, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie kwa irabu. Tena hakina sauti f. Kwa hiyo Joseph akawa Iosepa, jinsi alivyokuwa Yosefu au Yusufu kwa Waswahili.

Bonde lilikuwa kavu, na baridi yake ilikuwa kali kwa watu wa pwani. Maji yaliteremshwa kwa mifereji kutoka Milima ya Stansbury. Watu wakalima, wakafuga, hata samaki wakafugwa katika mabwawa. Mwaka 1896 ukoma ulizuka, na makaburi yakaongezeka. Hata hivyo, mwaka 1911 kijiji kilituzwa katika jimbo la Utah kwa unadhifu na maendeleo yake, na mwaka 1915 idadi ya wakazi ilifikia 228, ambayo haikuwahi kupitwa. Kijiji kinachoshindwa na jangwa hakiongezeki watu hivyo.

Sababu yenye uzito ni nyingine. Mwaka huohuo wa 1915 Smith, ambaye sasa alikuwa rais wa Kanisa, alitakasa uwanja wa hekalu huko Laie, katika kisiwa cha Oahu. Wakazi walihimizwa kurejea, na wengine walisaidiwa nauli. Si wote waliotaka kuondoka. Lakini ardhi ilikuwa mali ya kampuni ya Kanisa, na wengi wao walikuwa vibarua wa kampuni hiyo. Mwenye ardhi akiamua kufunga, kibarua hana pa kusimamia. Kufikia mwaka 1917 kijiji kilikuwa kitupu, na ardhi ikauzwa kwa kampuni ya mifugo.

Hawaii waliyorudia haikuwa ile waliyoiacha. Ufalme ulikuwa umepinduliwa mwaka 1893, visiwa vikatwaliwa na Marekani mwaka 1898, na tangu mwaka 1896 sheria ilikuwa imefanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Waliokuwa wageni Utah walikuta ugeni mwingine nyumbani.

Makaburi yamebaki bondeni. Mwaka 1971 yaliandikishwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, na wazao wa wanakijiji hukusanyika hapo kila mwisho wa Mei kuyasafisha na kuyapamba kwa maua.