Reli ya Nachingwea

Reli ya Nachingwea ilikuwa njia ya reli kusini mashariki mwa Tanganyika (leo Tanzania) iliyounganisha Nachingwea na pwani ya Bahari ya Hindi kuanzia mwaka 1949 hadi 1962. Ilijengwa kwa ajili ya Mradi wa Karanga, na haikuwahi kuunganishwa na Reli ya Kati.

Chanzo na ujenzi

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mnamo 1947 serikali yake ilianzisha mpango wa kulima karanga kwenye ekari takriban milioni 3.2, nyingi zikiwa Tanganyika. Maeneo yaliyochaguliwa nchini yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Nachingwea haikuwa na reli wala bandari ya kina kirefu karibu. Kwa hiyo reli yenye upana wa mita 1 ilianzia Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari mpya ilijengwa Mtwara, nayo ikaunganishwa na reli mwaka 1954. Baadaye tawi lilielekea Masasi.

Hata hivyo, mradi wenyewe ulikuwa umeachwa tangu Januari 1951, baada ya kugharimu fedha nyingi. Vichaka vigumu viliharibu mitambo, na mvua na udongo havikulingana na makadirio.

Reli, ramani na ardhi

Katika karne ya 19, kampuni za reli za Marekani, kama Illinois Central, zilipewa ardhi na serikali na kuchapisha ramani za kuwavutia wanunuzi. Katika Kenya, Reli ya Uganda iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilitangazwa kwa walowezi na wawindaji.

Nachingwea ardhi haikuuzwa kwa walowezi. Ilikabidhiwa kwa shirika la umma la Uingereza, Overseas Food Corporation. Lakini matumaini yalifanana: reli itangulie, mavuno yafuate. Ramani za miaka ya 1950 zinaionyesha reli hii kama mstari uliojitenga kusini. Mstari huo huthibitisha kwamba reli ilijengwa. Hauthibitishi kwamba ilikuwa na mzigo wa kutosha. Kwa sababu hiyo msomaji wa ramani ya zamani hana budi kutazama mwaka wa kuchapishwa.

Kufungwa na hali ya leo

Shehena ilikuwa ndogo, na reli ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Katika miaka ya 1960 Nachingwea ilikuwa na kambi ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji.

Leo Nachingwea na jirani yake Ruangwa ni wilaya za Mkoa wa Lindi zinazolima korosho na ufuta, mazao yanayosafirishwa kwa barabara. Reli inayopangwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay ni mradi tofauti, usichanganywe na reli hii.