Barua za Steve

Juzi dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alirudi amenuna kutoka kwenye usaili wa kampuni moja ya programu za kompyuta hapa mjini. Walimuuliza maswali mawili ya kompyuta, akajibu vizuri tu. La tatu likawa: umeolewa? Na una mpango wa kuzaa karibuni? Mimi ni mwandishi wa habari, sina kazi ya kumpa. Nikamsimulia habari za Steve.

Steve alikuwa mwanamke. Jina lake Stephanie Shirley, mzaliwa wa Dortmund, Ujerumani, 1933. Mwaka 1939, akiwa na miaka mitano, alifika Uingereza pamoja na dada yake katika msafara wa watoto wa Kiyahudi waliokuwa wakiokolewa kutoka mikononi mwa Hitler. Alipokua akaajiriwa kituo cha utafiti cha Posta, Dollis Hill, London, na huko ndiko alikojifunza kompyuta. Alichochoka nacho ni kuwekewa mipaka kwa sababu tu ni mwanamke. Basi mwaka 1962 akafungua kampuni yake nyumbani, mtaji pauni 6. Naam, sita!

Barua za kuomba kazi alizoandika kwa makampuni hazikujibiwa. Mumewe akamshauri asaini kwa jina la utani, Steve. Majibu yakaanza kuja, na alipoingia ofisini kwa mteja, watu walikuwa wameshakubali kuonana naye kabla hawajagundua Steve ni nani.

Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni watu aliowaajiri. Aliwatafuta wanawake wenye ujuzi walioacha kazi baada ya kuolewa au kupata mimba, yaani wale wale ambao dada yangu aliogopwa asije akawa mmoja wao. Swali mojawapo kwa waombaji lilikuwa kama wana simu ya kutumia, kwani enzi hizo si kila nyumba ilikuwa nayo. Walifanya kazi nyumbani kwa penseli na karatasi, halafu maelekezo yanatumwa kwa posta yakatobolewe kwenye kadi. Mteja akipiga simu, Shirley alikuwa akiwasha kanda yenye mlio wa taipureta ili kelele za mtoto zisisikike!

Wanawake hao wa majumbani ndio walioandika programu ya kisanduku cheusi cha Concorde, ile ndege iliyokuwa ikienda kasi kuliko sauti. Katika wafanyakazi 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Mwaka 1975 Uingereza ikatunga sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia, na sheria hiyo ya kuwalinda wanawake ikamlazimu Shirley naye afungue mlango kwa wanaume. Hapo dada yangu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Baadaye Shirley aligawa sehemu kubwa ya hisa zake kwa wafanyakazi, na 70 kati yao wakawa mamilionea. Alifariki Agosti 2025, akiwa na miaka 91.

"Sasa mimi nisaini jina gani?" dada akauliza. Nikamwambia asaini la kwake. Akaniangalia tu, akaingia jikoni. Ile kampuni mpaka leo haijampigia.