Aya Sofia: Mlango Uliomzuia Mfalme na Msafiri

Mwaka 1331 Ibn Battuta alilala usiku mmoja Mombasa, akiwa safarini kwenda Kilwa. Hakuandika mengi kuhusu mji, lakini milango ya misikiti yake aliitazama vizuri. Misikiti ilikuwa ya mbao zilizoungwa kwa ufundi, na mlangoni palikuwa na kisima kimoja au viwili vya kina kifupi, pamoja na kata ya mti ya kuchotea maji. Wenyeji walitembea miguu mitupu. Aliyetaka kuingia alichota, akaosha miguu, akaifutia kwenye kipande cha jamvi kilichotandikwa mlangoni, akapita. Msafiri huyo wa Tanja hakuona ugeni wowote. Alikuwa Mwislamu, na mlango ulikuwa wake.

Miaka michache baadaye alifika kwenye mlango usio wake. Aliingia Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul, katika msafara wa mke wa Uzbek Khan, mtawala wa Watatari. Bibi huyo alikuwa binti wa mfalme wa Warumi wa Mashariki, naye alikuwa akirudi kwao kujifungua. Mfalme alimpokea Ibn Battuta vizuri, akampa vazi la heshima, farasi mwenye tandiko na mwavuli, kisha akampa mtu wa kumtembeza mjini. Alipofika kwenye kanisa la Aya Sofia, takrima ile haikumsaidia kitu. Mlangoni palikuwa na wahudumu na msalaba mkubwa, na kanuni ilikuwa kwamba haingii mtu mpaka ausujudie. Aliambiwa kuwa hiyo ni desturi ya wazee na haitanguki. Akageuka. Katika kitabu chake anaeleza ua, miti na kuta za nje, kisha anakiri kwamba ya ndani hawezi kuyasimulia kwa sababu hakuyaona.

Mtalii wa leo anayenung'unika kwa kuambiwa ajifunge mtandio kichwani angefaa kukisoma kisa hicho. Katika karibu miaka 1,500 ya jengo lile, vazi limekuwa sharti jepesi kuliko yote. Masharti mazito yalikuwa mengine: unapita mlango gani, unasimama wapi, na je, unaruhusiwa kuinamisha paji la uso au unalazimishwa.

Mfalme Justinian alilifungua kanisa hilo tarehe 27 Desemba 537, baada ya ujenzi wa muda usiozidi miaka sita. Tangu mwanzo watu hawakuingia kiholela. Kutoka ukumbi wa mbele hadi ndani kuna milango tisa, na ule wa katikati, mkubwa kuliko mingine, ulikuwa wa mfalme na msafara wake. Wanawake walikuwa na nafasi yao kwenye roshani za juu, na malkia alikuwa na mahali pake hukohuko. Waliokuwa bado wakifundishwa dini, ambao hawajabatizwa, walisikiliza masomo na mahubiri, kisha shemasi akatangaza watoke kabla ya ibada ya karamu takatifu kuanza. Basi hata aliyekuwa mbioni kuwa Mkristo alikuwa na saa yake ya kutolewa nje. Kuhusu vichwa vya wanawake hapakuwa na mjadala: Mtume Paulo alikwisha kuwaandikia Wakorintho kwamba mwanamke asali akiwa amejifunika. Anayedhani ushungi uliingia Aya Sofia pamoja na Waturuki ana historia ya kusoma. Kanisa Katoliki lenyewe liliweka kifuniko cha kichwa kwa wanawake katika sheria yake ya mwaka 1917, na sharti hilo halikuonekana tena katika sheria mpya ya mwaka 1983. Kina bibi wa parokia nyingi za kwetu, wasiokwenda misa bila kitambaa, wanalijua jambo hili kuliko mwandishi yeyote.

Mfalme naye alikuwa na lake la kuvua. Kabla ya kupita mlango mkuu, nyuma ya pazia kwenye ukumbi wa mbele, alivuliwa taji. Tunayajua haya kwa sababu yameandikwa katika kitabu cha taratibu za ikulu kilichokusanywa karne ya 10 kwa amri ya mfalme Konstantino wa Saba, na kitabu hicho kinataja nani anasimama wapi na nani anapokea nini mkononi. Uzuri wa habari ni kwamba Konstantino huyo alikuwa chanzo, bila kujua, cha kisa kikubwa kuliko vyote katika historia ya mlango ule.

Baba yake, Leo wa Sita, alifiwa na wake watatu bila kubaki na mrithi wa kiume. Konstantino alizaliwa mwaka 905 na mama aitwaye Zoe, ambaye mfalme alikuwa hajamwoa. Leo akamwoa. Kwa kanisa la Mashariki ndoa ya pili ilivumiliwa kwa shida, ya tatu ilikuwa aibu, na ya nne haikuwa na jina. Krismasi ya mwaka 906 mfalme akaja na msafara wake wote, mbele ya wakuu wa dola. Patriaki Nicholas akamsimamisha kwenye mlango wa kifalme, akamwambia haingii. Siku ya Epifania, Januari 907, akamzuia tena. Leo alikuwa na jeshi, alikuwa na hazina, na jengo lilikuwa limejengwa kwa fedha za wafalme waliomtangulia. Hata hivyo hakuupita mlango ule. Alichofanya ni kile wanachofanya wenye mamlaka wakishindwa hoja: mwezi uliofuata alimwondoa patriaki na kumweka mwingine. Juu ya mlango huohuo kuna picha ya vijiwe vya rangi inayomwonyesha mfalme amesujudu miguuni pa Kristo. Wataalamu wengi humtaja Leo. Wengine hawakubali, lakini ni vigumu kuitazama bila kuikumbuka Krismasi ile.

Wageni wakorofi nao walikuwapo tangu zamani. Kwenye roshani ya juu kuna maandishi ya watu wa Skandinavia, yaliyochongwa kwa kisu kwenye marumaru, na jina linalosomeka ni Halfdan. Yaelekea alikuwa mmoja wa askari wa kukodiwa. Anayechonga jina lake kwenye mnara wa kale leo asidhani amebuni kitu.

Mwaka 1204 Wapiganaji wa Msalaba kutoka magharibi, Wakristo wenzao, waliingia kwa upanga na kupora mpaka madhabahu. Tarehe 29 Mei 1453 Sultani Mehmed wa Pili aliuteka mji, na Ijumaa iliyofuata ikaswaliwa humo. Kanisa likawa msikiti, mihrabu ikaelekezwa Makka, minara ikajengwa pole pole. Sasa walioswali walikuwa wengine, na waliosimama nje wakawa wale waliokuwa ndani.

Kwa asiye Mwislamu, kuingia kulihitaji idhini. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliishi Istanbul miaka ya 1717 na 1718, na barua zake zinaeleza alivyosumbuka. Misikiti mingine aliingia bila taabu. Aya Sofia alituma ombi mara tatu. Naibu wa waziri mkuu aliwakusanya wakubwa, akamuuliza mufti kama inafaa, wakajadiliana siku kadhaa, mwisho wakamkubalia. Mama huyu alijiuliza kwa nini wawe wagumu kwa jengo hili tu. Jibu alilokisia ni la mtu mwenye macho: kwa kuwa nyumba iliwahi kuwekwa wakfu kama kanisa, na watakatifu bado walionekana ukutani, walihofia mgeni aje kwa kisingizio cha kutazama, kumbe anasali.

Karne ya 19 idhini hiyo iliitwa firmani, nayo haikutoka bila fedha. Wasafiri walijiunga katika makundi ili kuchangia, au wakangoja mheshimiwa aje waingie kwa mgongo wake. Mlangoni walivua viatu au wakavaa sapatu juu yake. Mwandishi Mmarekani Mark Twain, aliyepita mwaka 1867, alivua buti na kutembea kwa soksi, kisha akajaza ukurasa kulalamika juu ya mafua aliyoyapata na uchafu uliomganda miguuni. Yule wa Mombasa wa mwaka 1331 alikuwa na kisima na jamvi. Twain alikuwa na soksi.

Baada ya dola ya Sultani kuanguka, Jamhuri ya Uturuki ilianza kuwavua watu wake mavazi ya zamani. Tarbushi ilipigwa marufuku mwaka 1925. Tarehe 24 Novemba 1934 baraza la mawaziri liliamua Aya Sofia iwe makumbusho, na siku chache tu baadaye, tarehe 3 Desemba, bunge likapitisha sheria ya kuwazuia viongozi wa dini zote kuvaa majoho yao nje ya nyumba za ibada. Tarehe 1 Februari 1935 milango ikafunguliwa kwa kila mwenye tiketi. Mazulia yaliondolewa, marumaru ikaonekana, na picha zilizofunikwa kwa lipu zikaendelea kusafishwa katika kazi iliyoanzishwa na Mmarekani Thomas Whittemore mwaka 1931. Ungeweza kuingia na viatu, kichwa wazi, kamera shingoni.

Watu wengi huizungumzia miaka hiyo kama wakati usio na masharti. Si kweli. Sharti lilikuwapo, nalo lilikuwa kinyume kabisa cha lile lililomrudisha Ibn Battuta: humo ndani hakuna kusujudu. Papa Paulo wa Sita alipozuru Julai 1967 alipiga magoti akasali. Ikawa kelele nchi nzima, na vijana wa Kituruki wakaenda kuswali humohumo kwa kujibu. Alichokihofia mufti wa siku za Lady Montagu kilikuwa kimetokea hatimaye, miaka 250 baadaye. Benedikto wa Kumi na Sita alijifunza: tarehe 30 Novemba 2006 aliizunguka Aya Sofia kama mtazamaji, bila hata ishara ya msalaba. Kisha akavuka uwanja hadi Msikiti wa Sultan Ahmed, akavua viatu, akasimama kimya kando ya mufti wakielekea kibla. Penye makumbusho hakusali, penye msikiti akanyamaza kwa unyenyekevu. Alizielewa kanuni za mlango kuliko wanasiasa waliomzunguka.

Tarehe 10 Julai 2020 mahakama kuu ya masuala ya utawala ilifuta uamuzi wa 1934, na siku hiyohiyo Rais Erdoğan akatia saini jengo lirudi kuwa msikiti. Swala ya kwanza ilikuwa Ijumaa, tarehe 24. Zulia la kijani likatandikwa, pazia likawekwa kwa ajili ya kuifunika picha ya Mariamu wakati wa swala, viatu vikavuliwa, na kiingilio kikafutwa. Kwa zaidi ya miaka mitatu watalii na waumini walibanana humo, watu milioni kadhaa kwa mwaka, kila mmoja akimuudhi mwenzake.

Tangu Januari 2024 wametenganishwa. Anayekwenda kuswali anaingia chini, bila malipo. Mgeni anayekwenda kutazama analipa yuro 25, anapita mlango wake na kupandishwa kwenye roshani za juu, kule walikokaa malkia na wanawake wa Konstantinopoli na kule Halfdan alikochonga jina. Mwanamke afunike kichwa. Mabega na magoti ya kila mtu yasionekane.

Binafsi sina tatizo na mtandio, wala na tiketi. Ninachosikitikia ni ile sakafu. Kuba la Aya Sofia lina upana wa kama mita 31 na liko kama mita 55 juu ya sakafu, na waliolijenga walikusudia mtu alitazame akiwa chini yake, ajione mdogo. Kutoka roshani unaliona kwa upande. Lakini mwenye nyumba ndiye anayepanga, na kila aliyeimiliki amepanga hivyohivyo.

Pwani yetu inalionyesha jambo hili bila kwenda mbali. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Ni magofu, hauna safu wala adhana, na mgeni huupita kama apitavyo magofu mengine. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, na watu wanaswali humo mpaka leo. Hapo utavua viatu, utajisitiri, na utasubiri swala iishe. Umri wa mawe haukuamua tofauti hiyo. Wameiamua waumini walio ndani.

Wasafiri wetu wengi siku hizi hubadilisha ndege Istanbul, na wengine hupata nusu siku ya kuzunguka mji. Ukiwa mmoja wao, beba kanga au mtandio kwenye mkoba, maana pale mlangoni utauziwa. Usiende Ijumaa mchana. Panga foleni inayokuhusu, kwa kuwa milango ni miwili na walinzi hawana mzaha. Na kama huna yuro 25, ng'ambo ya uwanja Msikiti wa Sultan Ahmed huingiwa bure nje ya nyakati za swala, na asiye na vazi la stara huazimwa.