Wembe wa Babu

Ninao wembe mmoja wa kukunja ambao kwa miaka zaidi ya thelathini haujagusa ngozi ya mtu. Mpini wake ni wa pembe nyeusi, umepasuka upande mmoja, na kwenye shina la wembe wenyewe limechapwa neno Solingen, jina la mji wa Ujerumani uliojulikana tangu zamani kwa visu na panga zake. Wajukuu wangu wakiuona hudhani ni silaha ya mwizi. Mkubwa wao ameniambia mara mbili kwamba vitu vya namna hii havifai kukaa katika nyumba yenye watoto. Huenda ana haki. Lakini kabla haujatoka mikononi mwangu, ningependa kueleza ulivyoingia katika ukoo wetu, na jinsi siku moja nilivyousingizia uongo mbele ya watu.

Wazee wetu wa Mlima Meru hawakusubiri Mzungu awafundishe kunyoa. Wahunzi walifua nyembe ndogo za chuma, na kichwa kilinyolewa kila palipokuwa na jambo la kubadilisha maisha ya mtu: mtoto alipozaliwa, kijana alipotoka jandoni, na wafiwa walipomaliza siku za msiba. Ndevu zilikuwa jambo dogo. Wazee wengi waling'oa chache walizokuwa nazo kwa kibano, jioni, huku wakizungumza. Kwa hiyo wembe kwetu ulikuwa kitu cha ukoo kabla ya kuwa kitu cha kujipamba. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana ndilo lililoniletea taabu baadaye.

Wembe huu wangu ulikuja kwa njia nyingine. Wajerumani walijenga boma lao la Arusha mwaka 1900, lile ambalo sasa ni makumbusho, na miaka michache baadaye walowezi wakaanza kugawiwa ardhi chini ya mlima, Wajerumani pamoja na Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza. Babu yangu, akiwa bado kijana mdogo, aliajiriwa kwa mlowezi mmoja upande wa Usa kuchota maji na kupasha maji ya kunyolea. Kila asubuhi alisimama na taulo mkononi akitazama. Waingereza waliiteka Arusha mwaka 1916, na baada ya vita Wajerumani wengi wakaondolewa nchini. Yule bwana alipofunga masanduku yake, alikuwa anadaiwa na Babu mshahara wa miezi miwili. Fedha hakuwa nayo, au alisema hana. Akampa wembe, brashi, na mkanda wa ngozi wa kunolea. Babu alisimulia jambo hili akicheka, lakini hakuacha hata mara moja kutaja kwamba ilikuwa miezi miwili.

Wembe ukawa mali. Babu aliwanyoa wazee wenzake, akawanyoa mabwana harusi, akawanyoa wafiwa. Mwishoni mwa mwaka 1951 watu wapatao 3,000 walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, Babu alikuwa miongoni mwao, kwa kuwa ng'ombe wake walikuwa upande ule mkavu wa mlima. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha kilio cha Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Hayo yameandikwa vitabuni na wanaojua zaidi yangu. Katika nyumba yetu kilichosimuliwa ni kwamba Babu alivuka mlima na ndama mmoja, blanketi, na wembe ukiwa umefungwa ndani ya kitambaa kifuani.

Mimi nilifundishwa mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na minane, miezi michache kabla ya kwenda chuo cha ualimu. Nilidhani somo lingekuwa la kunyoa. Kwa wiki mbili nzima lilikuwa la kunoa na kupima makali tu. Babu aliufunga mkanda kwenye nguzo ya baraza, akanionyesha namna ya kuulaza wembe bapa juu ya ngozi na kuuvuta mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Mwisho wa mkanda unaugeuza kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Siku ya kwanza niligeuza vibaya nikaukata mkanda. Babu hakugomba. Alisema tu, "Bwana mdogo, hicho ulichokata kingekuwa shavu lako," na ile alama ipo hadi leo.

Kupima kulikuwa na hatua zake. Watu wengi hupapasa makali kwa kidole gumba, kama mama anayepima kisu cha jikoni. Babu alichukia jambo hilo. Alisema kidole kina ngozi nene na huridhika haraka, tena jasho lake huleta kutu. Yeye alilowesha ukucha wa gumba, akaupitisha wembe juu yake kwa uzito wake wenyewe bila kukandamiza. Wembe mzima hupita ukucha kwa ulaini ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye pengo, hata lile lisiloonekana kwa macho, utahisi umekwama kidogo na kuruka. Wembe ulio butu huteleza tu kama uko juu ya kioo. Ukigundua pengo, mkanda hautasaidia kitu. Hapo ni kurudi kwenye kinoo na maji, na kuanza upya.

Hatua ya pili ilikuwa ya nywele. Nilikuja kusoma baadaye kwamba vinyozi wa Ulaya hushika unywele mrefu ukining'inia na kuushusha juu ya makali uone kama utakatika. Nywele zetu hazikubali mtihani huo, kwa sababu zimejisokota na hukwepa wembe. Babu alitumia malaika wa mkononi. Aliupitisha wembe juu ya mkono bila kugusa ngozi, karibu upana wa punje ya mchele. Ikiwa malaika walianguka wenyewe, kimya, bila kuvutwa, alitikisa kichwa kukubali. Wakianguka baada ya kugusa ngozi tu, alisema wembe huo unatosha kuchinjia kuku.

Siku niliyojinyoa mwenyewe kwa mara ya kwanza ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu umeshuka hadi migombani. Maji ya moto, kitambaa usoni mpaka ngozi ilegee, kisha povu zito la sabuni ya mche. Mkono wa kushoto huivuta ngozi, wa kulia hushika wembe ukiwa umeinama kiasi cha nyuzi 30 kutoka kwenye shavu. Babu alikaa kwenye kigoda akinitazama bila kusema neno, isipokuwa nilipotaka kunyoa kwenda juu shingoni, kinyume cha ndevu, ili niwe laini zaidi. Hapo aliushika mkono wangu. Nywele zetu zilizojikunja zikikatwa chini mno hurudi zikajichimbia ndani ya ngozi, zikaleta vipele na usaha. Nimewaona walimu wenzangu wengi wakihangaika na shingo zao kwa kutojua jambo hili moja, na wakilaumu sabuni.

Chuoni hakuna aliyekuwa na wembe wa kukunja. Wote tulitumia mashine ndogo zenye kiwembe cha kubadilisha, aina ile ambayo Gillette alianza kuiuza Marekani mwaka 1903, na ambayo ilienea baada ya askari wa Marekani kugawiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kiwembe hakihitaji kupimwa. Kikichoka unakitupa. Nami nikawa wa kisasa kama wenzangu, na wembe wa Babu niliunoa nilipokuwa likizo tu.

Babu alifariki mwaka 1974. Siku ya kumaliza msiba tulikaa kwa mpangilio wa umri, na wembe wake ukapita kutoka kichwa hadi kichwa, sisi watu ishirini na zaidi. Mimi ndiye niliyeunoa. Sijawahi kuhisi nimo katika ukoo kama nilivyohisi siku ile, upepo wa mlimani ukinipiga kichwani pamoja na wengine wote.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ambako watu waliuita ugonjwa huo Juliana. Kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa na wagonjwa. Mwaka 1992 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari, nimekwisha kuhudhuria semina na kubandika mabango darasani yenye picha ya sindano na wembe. Mwaka huo huo alifariki mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi migodini Mererani. Aliugua muda mrefu. Alikonda. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa, na mimi mwalimu wa mabango sikulitaja pia. Alimwacha mke ambaye naye alikuwa ameanza kukohoa.

Kwa desturi ya ukoo wetu mjane hunyolewa kwanza, kisha watoto, kisha ndugu kwa umri. Shangazi yetu mkubwa ndiye aliyekuwa mnyoaji. Aliniomba wembe wa Babu, nami nilikuwa nimeuleta, umenolewa usiku uliotangulia. Mfukoni nilikuwa nimeficha pakiti nne za viwembe vya dukani. Nilikuwa nimepanga kusimama na kueleza kwa busara, kama katika semina. Nilipomwona yule mjane ameketi juu ya ngozi ameinamisha kichwa, maneno yalinitoka. Kusema "tusichangie wembe" mahali pale, saa ile, kulikuwa ni kumnyooshea kidole mbele ya wakwe zake, na kumtangaza marehemu siku ya kumaliza msiba wake. Kunyamaza kulikuwa ni kuuacha wembe upite kutoka kwake hadi kwa watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne.

Nikaomba nipime makali kwanza. Nililowesha ukucha, nikaupitisha wembe polepole ili wote waone. Ulipita laini kabisa. Nikasema, "Una pengo. Hautafaa."

Shangazi akaunyosha mkono wake nikampa wembe. Alikuwa binti wa Babu, alimwona akinoa tangu utotoni. Hakuutazama ukucha. Akaupitisha juu ya mkono wake mwenyewe, juu juu, na mimi niliyekuwa karibu naye niliwaona malaika wakianguka. Alinitazama kwa muda. Kisha akaukunja wembe akanirudishia na kusema kwa sauti ya kusikika, "Kweli, umekwisha huu. Lete hivyo vya dukani, kila mtu na chake."

Baadaye nilisoma kwamba wembe ni njia ndogo mno ya kuambukiza ugonjwa ule ikilinganishwa na njia kuu tunazozijua. Huenda watoto wale wasingedhurika. Hata hivyo magonjwa ya damu si lile moja tu, na sijajuta. Kinachonisumbua ni kingine: kwamba niliweza kusema uongo kwa njia ile ile ambayo Babu alinifundishia ukweli, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusema wazi. Mjane alifariki mwaka 1994. Serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, na hapo hata wazee walianza kulitamka jina lake msibani. Tangu mwaka ule wa 1992 kila msiba wetu una pakiti za viwembe.

Shangazi aliishi hadi mwaka 2005. Hatukulizungumza jambo lile hata siku moja, ingawa kila nilipokwenda kumsalimu aliuliza, "Wembe wa baba bado una pengo?" Nami nilimjibu, "Bado, Shangazi." Alipofariki, mjukuu wake alininyoa kwa kiwembe kipya, nami jioni ile nilifunga mkanda kwenye nguzo nikaunoa wembe wa Babu, nikaupima mkononi, nikaupaka samli usishike kutu, nikaurudisha sandukuni.